Zamu Aliyonishikia Joramu

Vueni glavu kwanza. Nimesema vueni, hakuna wa kuziiba hapa, na kama yupo ni mimi, ila hii mikono yangu haiingii tena kwenye glavu ya mtu yeyote. Tazameni. Kidole cha pete hiki hakikunjiki tangu mechi moja ya mvua pale Nyamagana. Hiki kidogo kinaelekea Buswelu wakati vingine vyote vinaelekea ziwani. Mke wangu, mama Kulwa, husema nikimwonyesha mgeni njia kwa mkono huu atapotea.

Nimedaka miaka kumi na sita, na tisa kati ya hiyo nilidaka katika timu ya kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba. Kiwanda chenyewe hakipo tena, jina lake halitawasaidia. Hata watu wa mjini hawakutuita kwa jina letu. Mbegu za pamba zikishakamuliwa hubaki makapi ya kulishia ng'ombe, yanaitwa mashudu, basi timu nzima tukaitwa Mashudu. Tukiingia uwanjani jukwaa lote linalia kama ng'ombe. Mnacheka, sawa, chekeni. Siku ya harusi yangu shemeji zangu walilia hivyo hivyo kanisani, padri akasimama akauliza kuna nini.

Kocha wenu ameniomba niwaeleze kazi ya kipa. Nitawaeleza, lakini siwezi kuieleza bila kumtaja mtu ambaye hakuwahi kudaka hata limau, jina lake Joramu. Tutamfikia. Sogeeni upande huu kwanza, mnapigwa na jua.

Na jua lenyewe ni somo. Saa kumi na moja linatokea upande wa ziwa moja kwa moja machoni. Nahodha akishinda kurusha shilingi, mwambie achague goli ambalo kipindi cha pili utakuwa umelipa ziwa mgongo. Usingoje akumbuke mwenyewe, yeye anawaza mambo ya washambuliaji. Kipa lazima aseme. Ukiutaka mpira sema "yangu", mapema, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Wewe mrefu hapo nilikusikia asubuhi, ulikuwa unasema "yangu" kama anayeomba kuazimwa ndoo. Beki hawezi kukuachia mpira kwa sauti ile.

Mimi sikufundishwa kudaka na kipa wa mpira wa miguu. Nilifundishwa na Mzee Jivan, aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli karibu na Makoroboi. Alizaliwa hapa hapa Mwanza, Kisukuma alikijua kunishinda mimi Msukuma, na ujana wake wote aliumalizia kwenye kriketi. Kwa msioijua: vinasimikwa vijiti vitatu, mtu mmoja anarusha mpira mgumu kama jiwe, mwingine anavilinda vijiti kwa gongo pana la mbao, na nyuma ya vijiti kuna mmoja amechuchumaa kutwa nzima, kazi yake kudaka kila kinachopita. Huyo aliyechuchumaa ndiye alikuwa Mzee Jivan. Alidaka mpaka akaitwa ng'ambo kudaka kwa mshahara, misimu miwili, halafu baba yake akaugua naye akarudi kushika duka.

"Bulugu," aliniambia siku ya kwanza, "ukidaka mia hakuna atakayeona. Ukiangusha mmoja, mpaka shangazi yako wa Magu atapata habari."

Alinifundisha kwa nyanya. Jioni akishafunga duka tunaingia uani, anasimama hatua kumi, ananirushia nyanya mbivu kwa nguvu zake zote. Ukiibana inapasuka, na ukiipasua unaila hapo hapo bila chumvi. Wiki ya kwanza nilikula nyanya mpaka nikachukia mchuzi nyumbani. Siri yake ni kwamba mikono haiendi kuukamata mpira. Inakwenda kuupokea, halafu inarudi nao kidogo kifuani, kama unavyopokea mtoto mchanga wa mwenzio. Nyie siku hizi mnaupiga ngumi kila mpira, mnadhani ni ushujaa.

Jambo la pili alilonifundisha ni nguzo. Kipa halioni goli lake, liko mgongoni. Kwa hiyo mpira ukiwa mbali, rudi nyuma, gusa nguzo ya kulia kwa ncha za vidole, hesabu hatua zako, urudi mahali pako. Yeye alifanya hivyo na vile vijiti vyake, mimi nikafanya na nguzo. Ukiona kipa anafungwa goli la mbali huku anaruka upande usio wake, huyo hajagusa nguzo.

Makosa nimefanya mengi, msidhani. Mechi moja nilitoka kiwandani moja kwa moja, nilikuwa nimesaidia kushusha madebe ya mafuta, nikajifuta mikono kwenye suruali nikaona inatosha. Mpira wa kwanza ulikuja polepole, mtoto wa darasa la pili angeudaka. Nikaupokea vizuri kabisa kama nilivyofundishwa, ukateleza kama sabuni, ukapita chini ya kwapa, ukaingia. Jukwaa lililia kama ng'ombe robo saa nzima. Tangu siku ile nanawa mikono kwa majivu kabla ya mechi, na hata hizi glavu za mitumba zilipoanza kuingia mjini niliendelea kunawa kwanza. Nawaambia nanyi mnawe.

Sasa Joramu. Enzi zile kiwanda kilikuwa cha umma, na mashirika yalipenda kuwa na timu. Mchezaji haandikwi mchezaji, anatafutiwa cheo. Beki wetu wa kati alikuwa karani wa mizani asiyejua kusoma mizani. Mimi niliandikwa msaidizi wa boila. Boila ni tangi kubwa la chuma la kuchemshia maji, na mvuke wake ndio unaopika mbegu kabla hazijakamuliwa. Ukilikosea linaondoka na jengo na waliomo. Fundi wake alikuwa Joramu Magesa, Mjita mmoja mwembamba, mpole, mtu wa kukaa peke yake. Kwenye karatasi tulikuwa wawili, tunapokezana zamu. Ukweli ni kwamba alikuwa mmoja. Nikiwa na mazoezi ananishikia zamu. Siku ya mechi ananishikia zamu. Kesho yake nimevimba goti, ananishikia zamu. Miaka tisa, na hakuwahi kuona mechi yetu hata moja, kwa sababu tukiwa uwanjani yeye yuko kwenye boila kwa niaba yangu. Nikirudi ananiuliza kitu kimoja tu: "Umeumia?" Nikisema hapana, anasema, "Haya," anaendelea na kazi yake.

Na kulikuwa na Kamati ya Ufundi. Naona wakubwa wanatabasamu, watoto hawaelewi. Kila timu ya mpira nchi hii ilikuwa na kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe haukuhusu spana. Walikuwa wazee saba, mwenyekiti wao Mzee Nkwabi, mlinzi wa ghala, mtu mwema aliyenitafutia ile kazi. Mechi kubwa ikikaribia wanavuka kwenda Sengerema au Ukerewe kwa waganga, wanarudi na vifurushi. Hapo ndipo tunaambiwa tuingie uwanjani kwa kupanda ukuta, tusisalimiane na mtu, tuvae soksi nje ndani. Mara moja Mzee Nkwabi aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, leo usiguse goli. Nguzo zimewekwa dawa." Nikamheshimu, ni mzee wangu. Sikugusa nguzo dakika tisini. Nilifungwa magoli mawili nikiwa nimesimama hatua tatu nje ya mahali pangu. Nilipomlalamikia alisema ingekuwa si dawa ningefungwa manne. Hilo huwezi kulibishia.

Ila kosa langu kubwa halikuwa uwanjani. Nilikuwa na mwandiko mzuri, wakanifanya mwandishi wa kamati. Safari za wazee zilihitaji kibali cha kiwanda, na kwenye faili la umma huwezi kuandika kwamba watu wanakwenda kwa mganga. Basi nikawa naandika: "Kamati ya Ufundi imesafiri Sengerema siku tatu kwa mafunzo ya ufundi." Safari ya Ukerewe: "mafunzo ya juu ya ufundi." Tulicheka sana na afisa utumishi, akapiga mhuri. Sikuona ubaya wowote.

Halafu ikaja miaka ya tisini katikati, mambo ya soko huria, mashirika yanauzwa. Chetu kilipata mwenye mali mpya, naye akamleta meneja kutoka nje, mhandisi, Bwana Naidu. Alikuwa mtu wa haki, hilo naomba mlishike. Kiswahili alikuwa amejifunza darasani, safi kuliko chetu, lakini hakuwahi kukanyaga uwanja wa mpira. Akaambiwa apunguze watu, abaki na wenye ujuzi. Akajifungia ofisini na mafaili yote wiki mbili.

Orodha ikabandikwa mlangoni. Nikasoma mara tatu. Wanaobaki, idara ya mitambo: wajumbe saba wa Kamati ya Ufundi, pamoja na mwandishi wao ambaye pia ni msaidizi wa boila, "kwa kuzingatia mafunzo yao ya mara kwa mara Sengerema na Ukerewe". Wanaoondoka: Joramu Magesa, hana mafunzo yoyote kwenye kumbukumbu.

Nyumbani nina watoto wanne na jina langu limebaki. Sikusema kitu. Nawaambia wazi wajukuu zangu, sikusema kitu wiki tatu. Joramu alikusanya bakuli lake na koti lake akaondoka. Aliponiaga aliniuliza, "Umeumia?" kwa mazoea tu, maana nilikuwa nimekunja uso. Nikamwambia hapana. Wiki tatu zile sikumaliza sahani hata moja. Mama Kulwa akawa ananisogezea sahani, naisogeza pembeni, anaitazama sahani halafu ananitazama mimi. Na mazoezini nikawa naangusha mipira ya kitoto.

Msimu wa kukamua ukakaribia, boila likawashwa kwa majaribio, likaanza kupiga mluzi ambao hatujawahi kuusikia. Bwana Naidu akapunguza moto, akaagiza Kamati ya Ufundi ije ikague. Wazee saba wakapanga mstari mbele ya lile tangi, na mimi mwisho wa mstari, kalamu mkononi. Mzee Nkwabi akasogea mbele. Akalizunguka mara tatu, akanusa, akaweka sikio karibu, halafu akasema kwa sauti ile ya kazi yake:

"Hili limechezewa."

Bwana Naidu akaruka. "Limechezewa? Na nani?"

"Mtu wa karibu," akasema Mzee Nkwabi. Hayo ni maneno wanayosema waganga siku zote, hana alilokusudia. "Mwembamba. Anapenda kukaa peke yake. Ana kinyongo."

Nikamwona Bwana Naidu anaandika kwenye kijitabu chake. "Ni yule Joramu," akasema polepole. "Nilimpunguza, akaharibu mtambo kabla ya kuondoka. Nitapeleka jina lake polisi leo hii."

Wazee wananitazama mimi, mimi natazama sakafu. Miaka tisa mtu anakushikia zamu, halafu unasimama na kalamu unamwandikia kesi. Sijui nilipata wapi sauti, lakini nakumbuka ilitoka kubwa, ile ile ya kudai mpira.

"Bwana meneja, hawa si mafundi."

Akageuka. "Mafunzo ya Sengerema?"

"Ni kwa mganga."

"Na Ukerewe? Mafunzo ya juu?"

"Mganga mwingine. Huyo anaaminika zaidi."

"Siku tatu?"

"Foleni ni ndefu kwake."

Akafunga kijitabu. "Nani aliandika haya mafunzo?"

"Mimi. Kamati ya ufundi ni ya mpira, bwana. Tunaiita hivyo. Wazee hawa hawajashika mtambo, na Joramu hajaugusa kwa ubaya. Ndiye peke yake aliyelijua hili boila miaka yote."

Bwana Naidu alilitazama boila linavyopiga mluzi wake. Hatimaye akauliza, "Na mlikuwa mnashinda?"

"Mara chache," nikasema.

Nilidhani Mzee Nkwabi atanilaani. Badala yake alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia, akajifuta jasho. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mlango uko wapi." Wazee wengine sita wakashusha pumzi kwa pamoja. Sikujua kama nao wamebeba mzigo ule ule, kila mmoja kimya kimya.

"Na wewe?" Bwana Naidu akaniuliza. "Hapa umeandikwa msaidizi wa boila."

"Mimi ni kipa."

Akatoa kalamu. Alikata jina langu mbele yangu, taratibu, kwa mstari mmoja ulionyooka. Sikuona uchungu. Nilipotoka getini miguu ilikuwa myepesi, nikatembea mpaka Buzuruga nilikokuwa naishi bila kuona umbali. Nikamwambia mama Kulwa sina kazi na sababu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda jikoni, akarudi na sahani imejaa. "Basi leo utakula," akasema. Nikala yote, nikaomba nyingine.

Kesho yake nikaenda Nyegezi kwa Joramu kabla gari la kiwanda halijamfuata kumrudisha kazini. Nilimkuta anashona kiatu mlangoni.

"Shikamoo, kaka Joramu."

"Marahaba. Karibu kigoda."

Sikukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: faili, Sengerema, mwandiko, wiki tatu. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mwandiko wako naujua," akasema. "Miaka tisa nakusainia zamu. Nilikuwa nangoja uje."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungesema mwenyewe. Nilikuwa sijui siku tu." Halafu akauliza habari za boila, mluzi wake ukoje, mwembamba au mnene. Nikamwigia. Akacheka, na mimi sikuwahi kumsikia akicheka. Alisema ni uchafu umekwama kwenye vali. Alirudi kazini siku hiyo, akauondoa kabla chai haijapoa. Bwana Naidu alimwomba radhi mbele ya watu, kisha akampa wasaidizi wawili wa kweli.

Mimi Mzee Jivan alinichukua dukani, nikauza minyororo na spoku mpaka nilipostaafu. Jioni nikawa narushia makipa nyanya, kama nitakavyowarushia nyie baadaye, ndiyo maana nimewaambia mvue glavu.

Lakini bado kulikuwa na mechi moja. Mwenye mali mpya hakutaka timu, akaruhusu tucheze ya mwisho tuvunje. Watu walijaa. Nikanawa majivu, nikaingia kwa geti kama mtu mwingine yeyote, nikagusa nguzo yangu. Dakika chache kabla ya mapumziko nikageuka kuangalia nyuma ya goli, nani namwona? Joramu, na ovaroli lake la boila, amesimama mikono nyuma. Wasaidizi wake wanamshikia zamu. Nilifurahi mno, jamani. Nikajiambia leo ataona alichokuwa akinitunzia.

Ukaja mpira wa chini, mlaini, mbele yangu kabisa. Nikainama kuupokea kwa utaratibu wote wa Mzee Jivan. Ukanipiga tobo. Ulipita katikati ya miguu yangu, ukaviringika mpaka wavuni, ukasimama karibu na viatu vya Joramu. Uwanja mzima ukalia kama ng'ombe.

Joramu akautazama mpira. Akanitazama mimi niliyelala chini na vumbi mdomoni.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Haya," akasema. Akauonyesha mpira kwa kidole. "Kwa hiyo ndiyo hii kazi niliyokuwa nakushikia zamu?"

"Ndiyo hii, kaka," nikamjibu, nikacheka mpaka refa akaja kuniinua.